Fundi, nianze na rangi au gata?

SWALI: Shikamoo fundi. Nina nyumba ya vyumba vitatu Goba, bati la msauzi, haijawahi kufungwa gata, ule mfereji wa kukinga maji ya mvua ukingoni mwa paa. Nataka kuiuza. Mteja wa kwanza alizunguka nje, akainama kuangalia chini ya ukuta, akashusha bei hapohapo: plasta imevimba, rangi inabanduka. Dalali ananiambia nipige rangi tu, tulete mteja mwingine. Kaka yangu anasema gata kwanza. Hela ya vyote viwili sina. Nianze na lipi?
Mama Wawili, Goba

JIBU: Marahaba, mwanangu. Msikilize kaka yako. Dalali anawahi asilimia yake, simlaumu, ila rangi juu ya ukuta wenye unyevu haivuki masika.

Piga hesabu. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Tuseme paa lako linafunika mita 10 kwa 12. Ikinyesha milimita 50, na masika ya hapa Dar hiyo haimshtui mtu, paa linamwaga lita 6,000. Zote zinaangukia kwenye mstari mmoja, karibu kabisa na msingi. Hebu katazame chini ya ukingo wa bati: utakuta kijifereji, mchanga umeondoka, zimebaki kokoto. Tope linalorukia ukutani ndilo doa jekundu la usawa wa goti. Maji mengine yanazama kando ya msingi, yanapanda kwenye tofali yakiwa na chumvi, na chumvi ikikauka inaisukuma rangi nje. Pitisha kidole palipobanduka, utatoka na unga mweupe. Yule mteja hakuinama bure. Alikuwa anausoma msingi, na kwa miteremko ya Goba, mchanga ukihama msingi unabaki wazi.

Kabla ya gata, kagua fisha bodi, ule ubao unaofunga ncha za kenchi, yaani mbao zinazobeba paa. Umeoza? Badilisha, maana gata iliyojaa maji ni nzito na itang'oka na misumari yake. Vishikizo visiachane zaidi ya sentimita 60. Gata ishuke kuelekea bomba, walau sentimita moja kila mita tatu. Kuna mafundi wanaifunga imenyooka kwa pima maji, inapendeza kwa macho, maji yanatuama. Mbu wa dengue hataki zaidi ya hapo, na Dar milipuko ya 2014 na 2019 tunaikumbuka. Kwa hiyo kabla ya kumlipa fundi, mwaga ndoo ya maji upande wa mbali na bomba, simama, uone yanakwenda wapi.

Plastiki au bati? Ungekuwa Kigamboni karibu na bahari ningekukataza bati. Goba chagua lolote, ila plastiki nyepesi ya bei ya kutupa hupasuka kwa jua.

Bomba la kushushia lisiishie miguuni pa ukuta, utakuwa umehamisha tatizo tu. Lipeleke kwenye tangi, na tangi liwe na njia ya kutolea maji likijaa, au kwenye shimo la kokoto mbali na msingi. Usilielekeze kwa jirani wa chini, mtaishia kwa mjumbe.

Shukuru paa lako linaonekana. Hizi nyumba za paa la kujificha zinazoota kila kona, gata iko nyuma ya ukuta. Majani ya mwembe yakiziba, habari unaipata sebuleni.

Hela ikiwa ndogo, anza pale pande mbili za paa zinapokutana na kufanya bonde, maji mengi hushukia hapo. Kisha bandua plasta iliyovimba, acha ukuta ukauke vizuri, piga plasta upya, rangi iwe upande wa getini tu. Na mteja akitaka kuja siku ya mvua, mwambie aje.