Springi ya mafuta kwenye trekta za zamani: maswali na majibu

Nina Ford 8N ya petroli. Ile springi kati ya liva ya mafuta na gavana (kifaa kinachodhibiti kasi ya injini) inafanya nini? Fundi wangu anasema ni ya kurudisha liva tu.

Hapana, kazi yake ni kubwa zaidi. Kwenye 8N, iliyotengenezwa kati ya 1947 na 1952, liva haifungui kabureta moja kwa moja. Ukiivuta unaikaza springi, na springi ndiyo inayovuta mkono wa gavana ili kipepeo cha kabureta (kibao kinachofungua na kufunga njia ya kuingilia injini) kifunguke. Injini ikishika kasi, vyuma vya gavana hutanuka na kusukuma upande wa pili, kipepeo kikafunga kidogo. Kasi hutulia pale nguvu hizo mbili zinapolingana. Plau likiingia kwenye udongo mgumu injini hulemewa, vyuma hujikunja, springi hushinda na mafuta huongezeka bila wewe kugusa liva.

Jipime mwenyewe: zima injini, vuta liva hadi mwisho, kisha tazama kabureta. Kipepeo kiwe wazi kabisa. Kisipofika, chomoa fimbo inayounganisha gavana na kabureta, upande wa kabureta, sukuma mkono wa gavana hadi mwisho wa kufungua, shikilia kipepeo kikiwa wazi, na urekebishe urefu wa fimbo mpaka ncha zikutane bila kulazimishwa.

Springi imekatika. Naweza kufunga ya pikipiki inayotosha urefu?

Usifanye hivyo. Ugumu wa springi ndio unaopanga kasi. Ikiwa ngumu mno, gavana haiwezi kuishinda, na injini isiyo na mzigo itapita kikomo chake. Kwa 8N ni takriban mizunguko 2,200 kwa dakika. Hapo ndipo konrodi (fimbo inayounganisha pistoni na kranki) huvunjika. Ikiwa laini mno, trekta hulegea mara tu plau linapozama. Wala usikate koili ili kuifupisha, kwani springi iliyokatwa huwa ngumu zaidi. Nunua ya trekta hiyohiyo, kisha pima kasi ya juu kwa takometa (kipima mizunguko).

Injini inapanda na kushuka yenyewe. Ni springi?

Huenda, ila anza na viungo. Matundu yaliyolika, pini nyembamba na fimbo iliyopinda humfanya gavana achelewe kuitika, kisha azidishe. Chomoa springi, sogeza fimbo kwa vidole: iende laini, bila kukwama wala kuchezacheza. Mchanganyiko wenye mafuta machache, kwa jeti (tundu la mafuta la kabureta) iliyoziba au gasketi inayovuta hewa, huleta dalili ileile.

Massey Ferguson 135 ya dizeli: liva ya mkono inarudi yenyewe nikipuliza dawa. Nilegeze springi?

Usiiguse. Kwenye pampu ya dizeli ya injini hiyo, ya CAV, gavana imo ndani. Springi ya nje huirudisha liva ya pampu chini unapoachia pedeli, na huo ni usalama wako. Kinachoshikilia liva ya mkono ni msuguano wa washa (pete bapa) zilizobanwa na nati kwenye shina lake. Zikilika au zikilowa oili huteleza, kasi ya PTO (shafti ya trekta inayoendesha mashine ya kupulizia) hushuka chini ya mizunguko 540 kwa dakika na dawa hutoka kwa shinikizo dogo. Safisha washa au zibadilishe, kisha kaza nati kidogo kidogo mpaka liva ibaki pale unapoiacha. Skrubu ya kasi ya juu yenye lakiri kwenye pampu, mwachie fundi wa pampu.