Neno "shoti" lilivyonifukuzia mteja

Kijana mmoja wa Mbale ameniandikia wiki hii. Anajifunza ufundi umeme, anauliza kwa nini ahangaike na maneno wakati mikono yake inajua kazi. Mdogo wangu, nami nilisema hivyo hivyo mpaka siku ya pasi, pale Busia, mpakani mwa Uganda na Kenya.

Mama mmoja mshonaji aliniita: "Fundi, pasi yangu ina shoti." Nikachomoa fyuzi kwenye plagi kwa nje, nzima. Nikawasha pasi, ikapata moto vizuri. Nikamwambia hakuna shoti hapa, nikapokea shilingi 5,000, nikaenda zangu. Kesho yake binti yake aliigusa akiwa peku kwenye sakafu ya saruji, ikamrusha. Alipona, namshukuru Mungu. Lakini soko zima lilisikia, na mpaka leo yule mama hupeleka kazi zake kwa fundi wa ng'ambo ya mpaka. Bado inaniuma.

Kwangu mimi, shoti ni laivu (waya unaoleta umeme) na nyutro (unaourudisha) kugusana: mkondo wa umeme unapata njia ya mkato, fyuzi inaungua. Mama alikuwa anasema pasi inampiga. Neno moja, hatari mbili. Waya wa laivu ulikuwa umechunika ndani ukagusa chuma, na ule wa athi, wa usalama, wa kijani na njano, ulikuwa umechomoka kwenye plagi ambayo sikuifungua. Athi ingekuwepo, mkondo ungekimbilia ardhini na fyuzi ingekatika. Mimi nilivaa buti za raba, sikuhisi kitu.

Basi jifunzeni maneno, tena kwa kifaa mkononi. (Hata "umeme" wenyewe ulitusumbua Uganda: tangu 2005 hadi 2025 lilikuwa pia jina la kampuni iliyousambaza. Mtu akilalamikia Umeme, ilibidi uulize ni upi.) Volti ni msukumo, ampea ni wingi wa mkondo, omu ni ukinzani wa njia. Wati ni nguvu ya kifaa: pasi ya wati 1,200 kwenye volti 240 zetu huvuta ampea 5 (1,200 gawanya kwa 240). Gawanya 240 kwa 5: omu 48. Ichomoe ukutani, zungusha swichi yake ya joto hadi juu, pima kwa mita ya omu kati ya pini ya laivu na ya nyutro. Ukikuta karibu na 48, saketi, yaani njia ya mkondo, ni nzima. Ukikuta sifuri, hiyo ndiyo shoti ya mafundi. Mita isiposoma kitu, saketi imekatika mahali.

Jifunzeni maneno, narudia, na muulizeni mteja: ilikupiga, au ilizima? Akisema ilimpiga, weka ncha moja ya mita kwenye pini ya athi na nyingine kwenye chuma cha pasi. Isome karibu na sifuri. Kisha hamisha ile ya kwanza kwenye pini ya laivu; hapo isisome kitu. Kabla ya hapo, usiguse pesa ya mtu.