Krimu ilimtakatisha uso, kisha chunusi zikarudi kwa nguvu

SWALI: Binti yangu wa miaka 15 yuko bodingi. Alikuwa na chunusi chache kwenye paji la uso. Mwenzake akamgawia krimu ya kuchanganywa iliyonunuliwa sokoni, uso ukatakata ndani ya siku chache. Ameiacha, na sasa vipele vimejaa hadi mashavuni na vinawasha. Anaosha uso mara nne kwa siku kwa sabuni ya kipande ya kufulia. Tufanyeje? – Mama, Mbale

JIBU: Pole sana mama, na binti mpe pole. Krimu za kuchanganywa mara nyingi hutiwa steroidi kali kama klobetasoli. Steroidi huzima wekundu na uvimbe upesi, ndiyo maana uso ulitakata, lakini chunusi haizitibu. Ikizoeleka hukondesha ngozi na kuotesha vipele vyake yenyewe, vidogo, vya ukubwa mmoja. Asiirudie hata uso ukiwasha vipi. Vipele vinaweza kuchachamaa kwa wiki kadhaa kabla ya kutulia, na hapo ndipo wasichana wengi hushindwa wakairudia. Kama aliipaka zaidi ya mwezi, mpeleke kwa daktari wa ngozi, na mkebe wenyewe mwende nao.

Sabuni ya kufulia aiache leo. Inakwangua mafuta ya asili, ngozi inakauka na kuchubuka, na dawa ikipakwa juu yake inachoma. Atumie sabuni laini isiyo na manukato, asubuhi na jioni tu, kwa vidole, si kwa sponji.

Muwasho ukiisha, nunua kwenye duka la dawa lenye leseni jeli ya benzoili peroksaidi, dawa ya chunusi ya kupaka, ya asilimia 2.5. Kiasi ni punje moja ya njegere kwa uso mzima, si tone juu ya kila chunusi. Aoshe, asubiri dakika 15 uso ukauke kabisa, ndipo apake. Wiki mbili za kwanza iwe usiku mmoja apake, wa pili apumzike. Ikimchubua apunguze siku. Jeli hii hupausha nguo, kwa hiyo foronya iwe nyeupe, na asubuhi anawe kabla ya kuvaa yunifomu. Matokeo huonekana wiki ya 6 hadi ya 8. Wengi huiacha ya tatu, wakidhani imeshindwa.

Vaselini na moyao (mafuta ya shea) apake miguuni na mikononi, usoni hapana. Na chunusi asizitumbue: kwenye ngozi nyeusi doa la chunusi iliyotumbuliwa hukaa miezi. Akiota vivimbe vya ndani vinavyouma, msingoje jeli. Hivyo huacha makovu, vinahitaji daktari mapema.