Barua kwa mwanangu: waya ulio ndani ya ukuta

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeipata. Unasema mpangaji wako alichoshwa na sakiti breka ya ampea 20 iliyokuwa ikijikata kila jioni, akaing'oa na kuweka ya ampea 32, na sasa soketi ya jikoni imeungua hadi plastiki imeyeyuka. Unauliza gharama umkate yeye au ulipe mwenyewe.

Kwenye pesa nitafika. Lakini kuna jambo umelipitia mbiombio, kwamba alikwisha kukulalamikia mara mbili. Hapo ndipo niliposhindwa kuendelea kusoma.

Unakumbuka siku yule pacha mdogo wa mpangaji wetu aliponaswa na bomba la bafuni. Wewe ndiye uliyekimbia kuzima mein swichi, na mpaka leo ndugu zako wakikusifia huwa nanyamaza. Usilolijua ni kwamba mama yake alinifuata wiki tatu kabla. Nilikuwa naanua nguo. Akaniambia, "Mama, lile bomba linang'ata." Nikamjibu bila hata kugeuka, "Vaa ndala unapooga." Akaitikia haya, akaenda zake. Yeye alivaa ndala. Mwanawe siku ile aliingia peku, mwili umelowa chapachapa, na mwili uliolowa hauzuii umeme kama mkavu. Umeme ukipita mkononi hukaza misuli, vidole vinajifunga vyenyewe. Ndiyo maana hakuweza kuachia. Mama yake angemshika kumvuta, wangenaswa wote wawili.

Fundi alipofungua hita ya maji ya bafuni alikuta waya wa ethi, ule wa kijani na njano, umekatwa, umezungushiwa utepe mweusi na kukunjwa nyuma usionekane. Aliyeifunga hita ile nilimleta mimi, kwa sababu bei yake ilikuwa nafuu na alimaliza kabla ya adhuhuri. Umeme uliovuja ukakosa njia ya kushuka ardhini, ukakaa kwenye bati la hita na kwenye bomba ukimngoja mtu. Breka yetu haikukata, maana kazi yake ni kulinda waya, si mtu. Kinacholinda mtu ni kile kifaa chenye kitufe cha kujaribia, kinachokata umeme ukivuja miliampea 30 tu. Hatukuwa nacho. Mtoto alipona, lakini alama ya kuungua kiganjani nimeiona mara nyingi aliponipa mkono kunisalimu.

Tangu hapo nasema neno moja, nanyi mmelichoka: waya ulio ndani ya ukuta ni wa mwenye nyumba. Mpangaji hauoni, hana ruhusa ya kubomoa ukuta autazame, hajui ni mnene kiasi gani. Anachoweza ni kukuambia. Uingereza wana sheria tangu mwaka 2020: mwenye nyumba ya kupangisha akaguze umeme kwa mtu mwenye ujuzi angalau kila miaka 5, na mpangaji apewe nakala ya ripoti. Hiyo nakala ndiyo naipenda mimi, aone kwa macho yake anacholalia.

Utaniambia, lakini mama, breka kaibadilisha yeye. Kweli, na kosa lake si dogo. Waya wa soketi zile ni wa milimita za mraba 2.5, breka ya 32 inauacha uchemke ukutani na isikate. Amehatarisha nyumba nzima, wanawe wakiwemo. Nikifika hapo nakuwa upande wako kabisa. Halafu najiuliza, jiko lile lina soketi ngapi? Moja. Na ni mimi niliyesema moja inatosha wakati tunajenga, marehemu baba yako akanibishia nikamkatalia. Mtu ana friji, birika na jiko la umeme, afanyeje kama si kununua ekstensheni? Breka ile ilikuwa ikisema kuna mzigo mkubwa, na yeye akakuletea habari hiyo mara mbili. Hapana, bado hakuwa na haki ya kuigusa. Nimeligeuza jambo hili usiku kucha na kila upande una uzito wake.

Leo hii zima laini ya jikoni, usingoje kesho. Lete fundi mwenye leseni, si wa bei nafuu, apime ethi, akague waya wote ulikopita, arudishe breka inayofaa na kuongeza soketi zenye laini yake. Kitufe cha kile kifaa cha kulinda mtu kibonyeze mwenyewe, mpangaji akiwa amesimama hapo. Kisipokata, kifaa kibadilishwe.

Nani alipe? Jibu ninalo na limenikaa mdomoni, lakini nyumba nilishakukabidhi na sitaki kukuhukumia kesi niliyosikia upande mmoja. Niandikie kwanza: alipokulalamikia ile mara ya kwanza, ulimjibu nini?

Mama yako