Datsun 240Z ya mzee: itanilipa ama ntaumia?

SWALI: Mambo vipi, kuna mzee jirani hapa Nakuru anauza Datsun 240Z ya 1972, imelala gereji miaka mingi na haiwaki. Mi si mfanyabiashara, napenda tu magari, nataka niinunue niitengeneze niendeshe kidogo alafu niiuze. Itanilipa?

JIBU: Injini isikutoe jasho kaka, hiyo L24 ya silinda sita ni ngumu na kabureta zake mbili fundi wa kizamani anazielewa. Shida ni kutu. Lala chini na tochi uangalie sakafu, reli za chesisi na pale betri inapokaa maana asidi hula bati polepole, kisha pitisha sumaku kwa milango na fenda, isiposhika ujue ni fila tupu (ile puti ya kuzibia mashimo) chini ya rangi. Kazi ya bodi ndio humaliza watu pesa, injini unaweza kuijenga mdogomdogo.

Namba ya chesisi ianze na HS30, ndio ya usukani wa kulia, na ilingane na logibuku yenye jina la mzee mwenyewe, la sivyo usitoe hata shilingi.

Wanunuzi wapo, hii gari ilishinda Safari Rally 1971 na 1973, ila wanaolipa vizuri wanataka vitu vya asili, kwa hivyo hiyo dashibodi usiiguse (na tafadhali, rimu za kisasa hapana!). Weka risiti na picha za kila hatua. Kabla hujamtajia mzee bei, mlete fundi wa bodi akupigie hesabu yake kwanza.