Mtandao Ukisoma E: kwa mdogo wangu anayeomba mkopo akiwa kijijini

Msimu wa maombi ya mkopo wa chuo ukifika, vijana wa huku kwetu Old Moshi, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, huanza kushuka mjini na bahasha za vyeti mkononi. Maombi ya Bodi ya Mikopo, HESLB, yanafanyika mtandaoni, na uhakiki wa cheti cha kuzaliwa kule RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo, pia. Aliye Moshi mjini anamaliza kazi hii sebuleni. Wa kijijini anatafuta nauli, anafika steshenari anakuta foleni, na zamu yake ikifika inagundulika kuna karatasi imebaki nyumbani. Nimewasaidia wengi, wakiwemo wadogo zangu wa damu, na ninachowaambia ni hiki: mtandao uwe wa kutuma tu. Mengine yote yamalize nyumbani, data ikiwa imezimwa.

Anza na RITA, maana uhakiki huchukua siku na bila huo maombi ya mkopo hayaendi. Halafu chukua daftari uandike kila utakachoulizwa: namba yako ya mtihani wa kidato cha nne, namba ya kitambulisho cha taifa (NIDA) ya mdhamini, namba za simu, majina kama yalivyo kwenye vyeti, herufi kwa herufi. Wahi sahihi ya mwenyekiti wa kijiji kwenye fomu. Naye ana shamba na misiba ya kuhudhuria, usimvamie siku ya mwisho.

Vyeti vipige picha mchana, karatasi ikiwa imelala mezani karibu na mlango, bila taa ya simu. Programu ya kugeuza picha kuwa PDF ipakue ukiwa sehemu yenye mtandao mzuri, kwa sababu ikishaingia kwenye simu, nyingi kati ya hizo hufanya kazi bila bando. Angalia tovuti inataka faili lisizidi ukubwa gani, kisha lipunguze kabla ya kwenda kutuma. Hapa ndipo vijana wengi wanapounguza bando: wanapandisha faili kubwa, linakwama, wanarudia tena na tena.

Sasa mahali pa kutumia mtandao. Mlima wetu umekatwakatwa na makorongo, na mawimbi ya simu hayapenyi kilima. Ndiyo maana nyumba iliyo bondeni kando ya mto hukosa mtandao hata kama mnara hauko mbali. Usihangaike katikati ya migomba. Panda juu kwenye mgongo wa kilima, pale unapouona mji ukiwa chini. Waulize jirani ni laini ipi inasoma vizuri hapo, usiamini matangazo. Ukiona herufi E juu ya kioo, hiyo ni 2G: ujumbe wa maandishi unaweza kupita kwa kusuasua, lakini tovuti ya maombi ni kazi kufunguka. Simu ikirukaruka kati ya 4G na 3G, ingia kwenye mipangilio uiache kwenye 3G peke yake. Kasi itapungua, lakini si rahisi kukatika katikati ya fomu, na chaji huenda ikadumu zaidi.

Nenda alfajiri, kwani watu wote wa eneo wanagawana mnara mmoja, na jioni kila mtu yuko hewani. Kabla ya kuwasha data, zima upakuaji wa picha na video wa WhatsApp na masasisho ya programu, la sivyo bando litaliwa na vitu ambavyo hukuvitaka.

Ada ya maombi hailazimu mtandao. Ukishapata namba ya malipo, lipia kwa menyu ya pesa ya simu, ile ya nyota na reli. Hata kitochi cha bibi, ile simu ndogo ya vitufe, kinatosha.

Kwa wazazi: suala la mnara lipelekeni mkutano wa kijiji. Upo Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, UCSAF, ulioundwa kwa sheria ya mwaka 2006 kupeleka mawasiliano pale ambapo kampuni za simu hazioni faida, na mwaka 2023 ilisainiwa mikataba ya minara 758 vijijini. Muombeni mtendaji wa kijiji aandike barua kupitia kata na halmashauri, itaje kitongoji kwa kitongoji wapi hakusomi kabisa na wapi panaishia E, pamoja na shule na zahanati zilizopo hapo.