Maswali ya wasomaji: Spartak Moscow, timu isiyokuwa na askari nyuma yake

Katika safu iliyopita niliitaja Spartak Moscow, klabu ya soka ya Urusi, kwa aya moja tu, na wasomaji wengi wakataka zaidi. Haya hapa baadhi ya maswali yenu. Mengine nimeyajibu kwa kirefu kwa sababu kisa chenyewe kinadai hivyo.

Spartak ilianzishwa lini hasa? Kwingine nasoma 1922, kwingine 1935. (Msomaji wa Tanga)

Miaka yote miwili ina ukweli. Aprili 1922 vijana wa Presnya, mtaa wa wafanyakazi mjini Moscow, waliunda klabu ya michezo. Miongoni mwao walikuwa Ivan Artemyev na Nikolai Starostin, kijana wa miaka 20. Nikolai na wadogo zake watatu, Aleksandr, Andrei na Pyotr, wote waliichezea. Kila ilipopata mfadhili mpya, jina nalo lilibadilika: mara Krasnaya Presnya, mara Pishcheviki kwa heshima ya wafanyakazi wa viwanda vya chakula, mara Dukat, kiwanda cha sigara. Mwaka 1935 ndipo lilipokuja jina la Spartak, la mtumwa aliyeongoza uasi dhidi ya Roma ya kale. Jina hilo halijabadilika tena.

Kwa nini inaitwa timu ya watu? Kwani Dinamo na CSKA mashabiki wao si watu? (Msomaji wa Kampala)

Wewe unayeishi na Police ya polisi, URA ya mamlaka ya mapato na KCCA ya jiji kwenye ligi moja utanielewa haraka. Katika Umoja wa Kisovyeti karibu kila timu kubwa ilikuwa na taasisi nyuma yake. Dinamo ilikuwa ya polisi na usalama wa taifa, CSKA ya jeshi, Lokomotiv ya shirika la reli, Torpedo ya kiwanda cha magari. Spartak ilibebwa na vyama vya ushirika: washonaji, vinyozi, mafundi viatu, wahudumu wa migahawa. Kwa mtu wa kawaida ambaye jirani yake alichukuliwa usiku na polisi wa siri, kuishangilia Spartak ikiifunga Dinamo kulikuwa na utamu ambao hakuweza kuutamka hadharani.

Lakini tusiipambe kupita kiasi. Vyama vile vya ushirika vilikuwa na fedha, na Starostin alijua kuzitumia. Wachezaji wake walitunzwa vizuri, na wengine aliwavuta kutoka timu nyingine. Tena alikuwa na mlezi mkubwa, Aleksandr Kosarev, kiongozi wa Komsomol, jumuiya ya vijana ya chama tawala. Kwa hiyo timu ya watu, ndiyo. Timu ya wanyonge, hapana.

Ni kweli waliwahi kucheza mpira mbele ya Stalin, katikati ya Red Square? (Msomaji wa Mombasa)

Ni kweli. Ilikuwa Julai 1936, siku ya gwaride la wanamichezo. Kosarev alitaka Stalin, kiongozi wa nchi, ambaye hakuwa mpenzi wa soka, auone mchezo huu kwa macho yake. Tatizo ni kwamba Red Square si uwanja wa mpira, ni eneo la wazi kando ya Kremlin, makao ya serikali, na sakafu yake ni ya mawe. Mchezaji akianguka pale anavunjika. Wakashona zulia kubwa mno la kijani, na kazi yenyewe ikafanyika usiku, magari yakishapungua barabarani. Dinamo walitarajiwa kuwa wapinzani lakini wakajitoa. Kulikuwa na hofu kwamba mpira ungeweza kupigwa ukaenda kugonga ukuta wa Kremlin, au hata kumpiga kiongozi mwenyewe. Basi Spartak ikacheza na kikosi chake cha pili.

Starostin anasimulia kwamba Kosarev alisimama karibu na Stalin akiwa na kitambaa cheupe mkononi. Stalin akionyesha kuchoka, kitambaa kingepeperushwa na mechi ingekatishwa papo hapo. Ilipangwa dakika 30, ikaenda 43. Wachezaji walikuwa wamepanga mapema mabao ya kila aina ili mtazamaji huyo mmoja apendezwe: la kichwa, la kona, la penalti. Ukitaka kuelewa soka lilichezwaje katika nchi ile miaka ile, anza na kitambaa kile. Kosarev mwenyewe alipigwa risasi mwaka 1939 kwa amri ya serikali ileile.

Nimesikia nusu fainali ilirudiwa baada ya fainali kuchezwa. Inawezekanaje? (Msomaji wa Dodoma)

Kwa soka la kawaida haiwezekani. Mwaka 1939 iliwezekana kwa sababu Lavrentiy Beria, mkuu wa polisi wa siri, alikuwa mpenzi wa Dinamo na Mgeorgia wa asili. Spartak iliitoa Dinamo Tbilisi ya Georgia 1-0 katika nusu fainali ya Kombe la Kisovyeti, ikaenda fainali na kuifunga timu ya Leningrad 3-1. Kombe lilikuwa limeshakabidhiwa. Ndipo amri ikatoka juu: nusu fainali irudiwe. Wakarudi uwanjani, Spartak ikashinda tena, 3-2, mabao yote matatu yakifungwa na Georgy Glazkov. Starostin anaeleza kwamba alipotazama jukwaani alimwona Beria akipiga kiti teke kwa hasira na kuondoka. Mwaka huo Spartak ilitwaa ligi na kombe kwa mara ya pili mfululizo.

Malipo yalikuja mwaka 1942. Ndugu wote wanne walikamatwa, wakahukumiwa kifungo cha miaka 10 katika kambi za kazi ngumu. Nikolai alipelekwa Ukhta kaskazini, baadaye Komsomolsk-on-Amur, mashariki ya mbali. Kilichomwokoa ni mpira. Wakuu wa kambi walikuwa na timu zao, na kila mmoja alimtaka Starostin awe kocha, kwa hiyo hakupelekwa kukata magogo kama wafungwa wengine.

Mwaka 1948 akatokea mtu ambaye hakumtarajia: Vasily Stalin, mtoto wa Stalin, jenerali wa jeshi la anga, aliyetaka kocha wa VVS, timu yake ya jeshi hilo. Akamrudisha Moscow. Watu wa Beria wakamwamuru aondoke mjini haraka. Vasily akamficha nyumbani kwake, na Starostin anasema walilala chumba kimoja, bastola ikiwa chini ya mto. Hata mtoto wa Stalin hakuweza kumlinda muda mrefu. Akaishia uhamishoni Kazakhstan, akafundisha mpira Alma-Ata. Aliachiwa mwaka 1954, baada ya Stalin kufa na Beria kuangushwa madarakani na kupigwa risasi. Mwaka uliofuata akarudi kuiongoza Spartak, na ukiacha pengo fupi la miaka ya 1970, aliishika hadi alipokuwa na umri wa miaka 90. Alifariki mwaka 1996.

Nikiulizwa nani ameibeba klabu yoyote mgongoni kuliko mtu mwingine, nitamtaja huyu bila kufikiri mara mbili.

Mashabiki wao hujiita "nyama". Kulikoni? (Msomaji wa Nakuru)

Ni ile historia ya wafanyakazi wa viwanda vya chakula. Wapinzani waliwaita nyama kwa kuwadhihaki, wao wakalichukua jina na kulifanya wimbo wa jukwaani.

Walishawahi kushuka daraja? (Msomaji wa Bujumbura)

Mara moja tu, mwaka 1976. Kilichofuata ndicho cha kuvutia. Walimwita Konstantin Beskov, mtu wa Dinamo tangu enzi zake za uchezaji, awe kocha. Akaipandisha timu mwaka 1977, na 1979 ikawa bingwa. Beskov alifundisha pasi fupi za haraka, mchezaji anaachia mpira na kukimbilia nafasi. Kipa wake Rinat Dasaev akaja kuwa miongoni mwa makipa bora duniani. Kiungo Fyodor Cherenkov, mtu mpole asiyejikweza, alipendwa hata na mashabiki wa wapinzani.

Mwaka 1982 watu walikufa uwanjani Moscow kwenye mechi ya Spartak. Mbona halizungumzwi sana? (Msomaji wa Zanzibar)

Kwa sababu lilifichwa kwa miaka saba.

Ilikuwa tarehe 20 Oktoba 1982, Kombe la UEFA, Spartak dhidi ya Haarlem ya Uholanzi, uwanja wa Luzhniki. Baridi kali, theluji imedondoka, na uwanja wenye nafasi ya watu zaidi ya 80,000 ukapata watazamaji wachache. Wengi wao wakawekwa jukwaa moja, la mashariki. Edgar Gess aliifungia Spartak bao la mapema. Dakika za mwisho watu wakaanza kuondoka, na wengi wakaelekea ngazi moja, iliyokuwa karibu zaidi na kituo cha treni ya chini ya ardhi. Ngazi zilikuwa na barafu. Katika dakika ya mwisho kabisa Sergei Shvetsov akafunga la pili.

Maelezo ya serikali yalikuwa kwamba waliokuwa wakishuka waligeuka waliposikia shangwe, wakagongana na wenzao walioendelea kuteremka. Walionusurika wengi walipinga. Walisema watu waliteleza na kuanguka, walio nyuma wakaendelea kusukuma bila kuona kilichoko mbele, na njia ilikuwa imebanwa. Vyuma vya pembeni vilipinda. Idadi rasmi ya waliokufa ni 66, wengi wao vijana wadogo.

Kesho yake gazeti moja la jioni la Moscow liliandika mistari michache kwamba kulitokea ajali na kuna walioumia. Basi. Familia zilizika watoto wao bila nchi kuambiwa, na wachezaji wa Haarlem walikuja kuujua ukweli mwaka 1989, gazeti la Sovetsky Sport lilipoandika. Mnara wa kumbukumbu ulijengwa mwaka 1992. Shvetsov alisema baadaye kwamba ni heri asingelifunga bao lile. Mimi naona si haki mzigo huo kumwangukia mfungaji, ilhali waliopanga watu kwenye ngazi moja yenye barafu walijulikana.

Je, wamewahi kufika mbali Ulaya? (Msomaji wa Lubumbashi)

Nusu fainali mara tatu: Kombe la Mabingwa 1991, Kombe la Washindi 1993 na Kombe la UEFA 1998. Ile ya 1991 ndiyo tamu. Novemba 1990 waliitoa Napoli ya Maradona kwa penalti baada ya sare mbili za 0-0. Maradona hakusafiri na wenzake. Alikuja kwa ndege binafsi, akaanzia benchi na kuingia kipindi cha pili akiwa na jezi namba 16. Machi 1991 wakaenda Madrid na kuifunga Real 3-1 nyumbani kwake, Dmitri Radchenko akifunga mawili. Marseille ndiyo iliyowakomesha.

Kinachouma zaidi ni 1995. Walishinda mechi zote sita za makundi ya Ligi ya Mabingwa, Blackburn ikiwa mojawapo ya waliofungwa. Kisha kipindi cha baridi nguzo kama Onopko na kipa Cherchesov zikaondoka, na robo fainali Nantes ikawatoa.

Wachezaji weusi wanapokelewaje pale? (Msomaji wa Muscat)

Wapo waliopendwa, kama Emmanuel Emenike na Victor Moses, wote wa Nigeria. Lakini jukwaa la Spartak lina historia mbaya ya ubaguzi, na klabu yenyewe Januari 2018 ilisambaza mtandaoni video ya wachezaji wake weusi kutoka Brazil kwa maneno ya kuwafananisha na chokoleti inayoyeyuka juani. Naipenda historia ya timu hii, ila hilo sitalitetea.

Ubingwa wana mangapi, na leo wako wapi? (Msomaji wa Arusha)

Wa Kisovyeti 12. Wa Urusi 10, tisa kati yake kati ya 1992 na 2001, wengi chini ya kocha Oleg Romantsev. Kisha ukame wa miaka 16 hadi Massimo Carrera alipowapa ubingwa wa 2017. Uwanja wao wenyewe, huko Tushino, waliupata mwaka 2014 tu. Miaka yote ya nyuma walikuwa wapangaji. Tangu 2022 klabu iko mikononi mwa Lukoil, kampuni ya mafuta, na mwaka huohuo ilitwaa Kombe la Urusi. Mashindano ya Ulaya hawachezi, kwani UEFA ilizifungia klabu zote za Urusi baada ya uvamizi wa Ukraine. Spartak ilikuwa bado ndani ya Ligi ya Europa wakati huo, na wapinzani wao Leipzig wakavuka bila kucheza.